Jasho la Mafundi wa Japani Lisiachwe Likaoza

Wajapani wamesifiwa tangu zamani kuwa ni watu wajuao kutunza amali za wazee wao. Hekalu la Horyu-ji, karibu na mji wa Nara, lilijengwa kwa mbao katika karne ya saba, na baadhi ya majengo yake ya kale yasimama hata leo. Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, fundi kijana akijifunza kazi mkononi mwa fundi mzee, na mara ya mwisho kazi hiyo ilitimizwa mwaka 2013. Nani angedhani kuwa taifa lenye desturi kama hizo lingeshindwa kuhifadhi vitu vilivyotengenezwa juzi tu, katika miaka ya 1980 na 1990? Walakini ndivyo ilivyo. Vitu hivyo ni michezo ya video, ambayo Japani iliieneza duniani kote, na ambayo sehemu yake isiyo ndogo imekwisha kupotea au i mbioni kupotea.

Yamkini wako wasomaji watakaocheka. Watauliza, mtu mzima mwenye kazi zake ana haja gani na mchezo wa watoto? Sisi twawajibu kwamba mchezo ni wa watoto, lakini kuutengeneza si mchezo. Yuko aliyeandika programu usiku kucha, yuko aliyechora picha nukta kwa nukta, yuko aliyetunga muziki kwa kutumia sauti chache tu ambazo mashine iliweza kutoa. Hao ni wafanyakazi kama mfua chuma na mshona viatu. Tukikubali kwamba kiti alichokichonga seremala chastahili kuwekwa katika jumba la makumbusho, hatuna sababu ya kusema kwamba kazi ya mafundi hawa yastahili jalala.

Wala jambo hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wameikuta michezo ya Wajapani katika vibanda vya mitaani, wakilipa kwa dakika, na wengine katika mashine za bei nafuu zilizoigizwa kutoka kwa Family Computer ya kampuni ya Nintendo, mashine iliyotolewa Japani mwezi wa Julai 1983. Waliicheza, wakaipenda, wasijue hata siku moja ni nani aliyeitengeneza.

Watu hudhani kwamba kitu kikishachapishwa kwa maelfu hakiwezi kupotea. Kwa kitabu dhana hiyo ina ukweli, maana kitabu chaweza kukaa rafuni miaka 100 kikasomeka. Kwa michezo hii mambo ni mbali, na ili msomaji aone jinsi inavyopotea yafaa tueleze mifano.

Mwezi wa Februari 1986 Nintendo ilitoa chombo cha diski cha kuunganishwa na mashine yake. Diski zile ziliweza kuandikwa upya. Mnunuzi alikwenda dukani na diski yake, akatoa yeni 500, na mashine iliyokuwapo dukani ikamwandikia mchezo mpya juu ya ule wa zamani. Ilikuwa nafuu kubwa kwa mwenye kipato kidogo, nasi hatuilaumu. Lakini tazameni matokeo yake: kila mchezo mpya uliponunuliwa, nakala ya mchezo wa zamani ilifutwa papo hapo. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2003.

Kampuni ya Brother, ambayo kwetu yajulikana zaidi kwa vyerehani, ilianzisha mwaka 1986 mashine zilizoitwa Takeru. Hizi ziliwekwa madukani, zikapokea programu kwa njia ya simu na kumwandikia mnunuzi katika diski. Kwa njia hiyo mafundi wadogo wasio na mtaji waliweza kuuza kazi zao bila ya kuchapa maelfu ya nakala. Mwaka 1997 mashine hizo ziliondolewa. Mchezo uliouzwa kwa njia hiyo tu haukuachia duniani akiba ya nakala ghalani, ila zile diski chache zilizo majumbani mwa walionunua.

Mfano wa tatu ndio unaoshangaza zaidi. Kuanzia tarehe 23 Aprili 1995, kampuni ya utangazaji iitwayo St.GIGA ilirusha michezo ya Nintendo kutoka angani kwa setilaiti. Aliyekuwa na mashine ya Super Famicom na chombo cha kupokelea kiitwacho Satellaview aliungoja mchezo kama mtu angojaye taarifa ya habari, akaupokea katika kaseti ndogo ya kumbukumbu. Kaseti ikijaa, alifuta cha jana apate kupokea cha leo. Michezo mingine iliambatana na sauti za waigizaji zilizotangazwa saa ile ile, wala sauti hizo hazikuingia katika kaseti kamwe. Saa ilipopita, sauti ilikwenda na upepo. Tarehe 30 Juni 2000 matangazo yalizimwa. Yaliyosalia leo ni yale yaliyokutwa katika kaseti kuukuu zilizouzwa mitumba, pamoja na kanda za video ambazo watu walirekodi kwa hiari yao bila ya kujua kwamba wanaandika historia.

Baada ya setilaiti ikaja simu ya mkononi. Kampuni ya NTT Docomo ilianzisha huduma ya i-mode mwaka 1999, na tangu mwaka 2001 simu zake ziliweza kupokea programu za michezo. Wajapani walicheza katika simu hizo za kukunja miaka mingi kabla ya simu za kisasa kuenea. Hata makampuni makubwa yaliweka kazi kubwa humo: kampuni ya Square Enix ilitoa mwaka 2004 mchezo uitwao Before Crisis, ambao ni sehemu ya hadithi ya Final Fantasy VII yenye wapenzi ulimwenguni kote. Huduma ya mchezo huo ilifungwa mwaka 2018. Na mwaka 2019 NTT Docomo ilitangaza kwamba i-mode yote itakoma tarehe 31 Machi 2026. Aliyekuwa na simu akaitupa, alitupa na michezo iliyokuwamo.

Juu ya hayo yote kuna adui mwingine ambaye hana haraka. Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Akiba ya namna hii yaoza. Diski za sumaku huingia ukungu katika hewa yenye unyevu, na Japani ni nchi ya unyevu mwingi wakati wa mvua na joto. Sumaku yenyewe hufifia. Kanda hunyauka. Mtu aweza kukaa na diski kabatini miaka 35 akijiona tajiri, na siku anapoifungua akakuta amehifadhi plastiki tupu.

Kadhalika iko michezo ambayo kifo chake kilitiwa ndani tangu siku ya kuzaliwa. Kampuni ya Capcom ilipotoa mwaka 1993 mitambo yake ya CPS-2 kwa ajili ya majumba ya michezo, ilitaka kuwazuia waigizaji wa bidhaa. Kwa hiyo ikaficha programu kwa siri, na ufunguo wa siri ile ukawekwa katika kumbukumbu iliyotegemea betri. Betri ikifa, ufunguo wapotea, na mtambo wote wawa mzoga, ingawa kila waya na kila chuma ni kizima. Twaielewa haja ya mwenye mali kujilinda na mwizi. Lakini mtu anayejilinda kwa kuitegea nyumba yake mwenyewe moto hawezi kusifiwa kwa busara. Siri ya mitambo hiyo ilikuja kufumbuliwa kabisa mwaka 2007, wala hawakuifumbua wenye kampuni, bali wapenzi wa michezo waliofanya kazi hiyo bila ya mshahara.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye shina la maneno yetu. Wako wasemao kwamba kuhifadhi ni kazi ya mwenye mali, na wengine wasiingilie. Maneno hayo yangekuwa mazuri kama wenye mali wangekuwa wamehifadhi. Square Enix ilipotaka kutoa upya mwaka 2013 mchezo wake Kingdom Hearts, uliotoka mwaka 2002, ilikuta kwamba vifaa vya asili vya kazi ile havipo, ikalazimika kuchimbua ndani ya mchezo uliouzwa madukani na kutengeneza mengine upya. Kampuni ya Konami ilipotoa mwaka 2012 mkusanyo wa michezo ya Silent Hill, mafundi walipewa programu ambayo haikuwa ile ya mwisho, kwa kuwa ya mwisho haikutunzwa. Na haya ni makampuni makubwa, na michezo yenyewe ni mashuhuri, ya miaka kumi tu au zaidi kidogo. Je, hali ya kampuni ndogo ya miaka ya 1980 itakuwaje? Kampuni ya Data East ilifilisika mwaka 2003. Telenet Japan ilifungwa mwaka 2007. Hudson ilimezwa na Konami mwaka 2012. Kampuni ikifa, makabati yake hufunguliwa na mpiga mnada, naye huhesabu viti na meza.

Pia twapenda wafanyakazi wasomao gazeti hili wajue jambo moja linalowahusu hasa. Katika miaka ile makampuni mengi ya Japani hayakuruhusu mafundi kuandika majina yao ya kweli mwishoni mwa mchezo, kwa hofu kwamba kampuni nyingine itawajua na kuwavuta kwa mshahara mzuri zaidi. Mchezo wa Street Fighter II, uliotoka mwaka 1991 na kuiletea Capcom mali nyingi, wawataja watengenezaji wake kwa majina ya utani. Bibi Yoko Shimomura, aliyetunga sehemu kubwa ya muziki wake, ameandikwa humo kwa jina la Shimo-P. Yeye baadaye alijulikana na kuheshimiwa, lakini wako wengi ambao mpaka leo hakuna ajuaye walikuwa nani. Mtu alifanya kazi, tajiri akapata faida, na jina la mfanyakazi likafichwa ili asipate kujiuza kwa haki. Mchezo wenyewe unapopotea, hata lile jina la utani hupotea pamoja nao, na huo huwa ushahidi wa mwisho kwamba mtu huyo alifanya kazi. Mali bila daftari huisha bila habari, na jasho bila daftari huisha hivyo hivyo.

Nani basi ameokoa kilichookolewa? Wa kwanza ni wauza mitumba. Makampuni ya michezo ya Japani yaliwashtaki wenye maduka ya kuuza michezo iliyokwisha tumika, yakidai kwamba biashara ile yawanyang'anya haki yao. Tarehe 25 Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba mtu aliyenunua mchezo kwa halali aweza kuuza nakala yake. Kama hukumu ingekuwa kinyume cha hapo, kaseti nyingi sana zingekwenda motoni badala ya kwenda rafuni, na leo tusingekuwa na la kuzungumza.

Wa pili ni watu wa kawaida wenye mapenzi na subira. Mwaka 1997 Mwitalia Nicola Salmoria alitoa programu iitwayo MAME, ambayo huiga kazi ya mitambo ya majumba ya michezo ndani ya kompyuta, na tangu hapo mafundi wa nchi nyingi wamekuwa wakiiendeleza. Mwaka 2010 ilijitokeza Japani nakala ya majaribio ya mchezo uitwao Bio Force Ape, ambao ulikuwa umetangazwa zamani katika magazeti lakini haukuuzwa kamwe. Wapenzi walichanga fedha, wakainunua, wakaitoa watu wote waione. Mjini Tokyo kipo tangu mwaka 2011 chama kisicho cha faida cha kuhifadhi michezo, kiongozwacho na Mfaransa Joseph Redon. Watu wa chama hicho husafisha diski za kompyuta za miaka ya 1980, na huzinakili mpaka alama za sumaku zilizo juu yake, ili nakala iwe sawa na asili. Huko Kyoto, Chuo Kikuu cha Ritsumeikan kilianza shughuli ya kukusanya michezo mwaka 1998.

Serikali ya Japani nayo haikukaa kimya kabisa, na haki yake tuipe. Tangu mwezi wa Oktoba 2000 sheria yataka nakala ya kila mchezo uuzwao katika diski au kaseti iwekwe katika Maktaba ya Taifa ya Bunge. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria hiyo haikurudi nyuma kukusanya yaliyotoka kabla yake, ambayo ndiyo yanayooza, wala haikugusa michezo inayoshuka hewani bila ya diski, ambayo ndiyo mingi leo. Hivyo imekamata katikati ikaacha kichwa na mkia. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka lake la hewani la mashine za 3DS na Wii U, na michezo iliyouzwa humo tu haikuweza kununuliwa humo tena. Yaliyotokea kwa Takeru mwaka 1997 yakarudiwa mchana kweupe.

Tusiwe wenye kuona upande mmoja. Wenye makampuni wana neno lao, nalo si la kudharauliwa. Wao husema kwamba kila nakala itolewayo bure ni mkate unaoondolewa mezani mwa waliotengeneza, na kwamba wengi wajiitao wahifadhi ni wezi waliovaa kanzu. Twakiri kwamba wezi wapo. Mtu anayechukua mchezo uliotoka mwaka jana akaugawa bure ni mwizi, hata akijiita mwalimu wa historia. Lakini twauliza: mchezo uliotoka mwaka 1987, ambao kampuni yake imekufa, ambao hakuna duka liuzalo, mkate wake uko meza gani? Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilichunguza michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, likakuta kwamba asilimia 87 yake haiuzwi tena na wenyewe. Kumkataza mtu asinunue, kisha kumkataza asinakili, kisha kuiacha nakala yenyewe ife, hakumlindi mtengenezaji. Ni kumzika.

Tena historia imekwisha kuonyesha kwamba kuhifadhi kuna faida hata kwa mwenye mali. Kampuni ya Hamster imekuwa ikiuza upya michezo ya zamani ya majumba ya michezo tangu mwaka 2014, kwa ruhusa ya wenyewe. Kampuni ya G-Mode ilianza mwaka 2020 kuitoa upya michezo ya simu za zamani. Mchezo Radical Dreamers, uliorushwa kwa setilaiti mwaka 1996 na kudhaniwa na wengi kuwa hautarudi tena, ulitolewa upya na Square Enix yenyewe mwaka 2022. Star Fox 2, uliokamilika katikati ya miaka ya 1990 ukafungiwa kabatini, ulitolewa na Nintendo mwaka 2017. Wanunuzi walikuwapo. Kilichohitajiwa ni nakala iliyo hai.

Neno letu lingine ni kwa wakusanyaji wenyewe. Wako matajiri wanunuao nakala ya pekee, wakaifungia katika kabati la kioo, wasikubali inakiliwe kwa kuogopa kwamba thamani yake itashuka. Watu hao hujiita wahifadhi, lakini hawahifadhi kitu. Wanamiliki tu. Ukungu hauheshimu kabati la kioo. Na siku diski yao itakapokufa, watakuwa wameipoteza thamani waliyoilinda, na kuwapotezea wenzao wote pamoja nao. Aliye na nakala ya pekee ana dhamana, na dhamana ina deni.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mambo manne yafaa yafanywe, nayo yafanywe upesi. La kwanza, sheria ya Japani ya kuweka nakala irudi nyuma mpaka miaka ya 1970, Serikali ikinunua au kunakili yaliyosalia, na ienee hadi michezo ishukayo hewani. La pili, kunakili mchezo usiouzwa tena kwa ajili ya maktaba na vyama visivyo vya faida kuruhusiwe waziwazi, na wasomi waruhusiwe kuutazama bila ya kusafiri mpaka chumba kimoja cha Tokyo. La tatu, kila kampuni inayofunga huduma au inayokufa ikabidhi programu yake ya asili kwa maktaba, hata kama ni kwa sharti la kufungwa kwa miaka kadhaa. La nne, mafundi waliofichwa nyuma ya majina ya utani watafutwe na kuulizwa wangali hai, ili majina yao ya kweli yaandikwe. Vijana wa mwaka 1983 leo ni wazee, na wengine wao wamekwisha kufa.

Hatusemi kwamba kila mchezo ni bora. Mingi ilikuwa mibaya, na mingine haikufaa hata yeni 500 za kuandikiwa diski. Lakini si kazi yetu sisi wa leo kuchagua kipi wajukuu watakiona na kipi hawatakiona. Mtu anayeandika historia ya ushonaji hatazami kanzu za sultani peke yake, hutazama na kanga ya mpagazi.

Mafundi wa Ise walielewa tangu zamani kwamba mbao hazidumu, na kwamba njia ya kulidumisha hekalu ni kulijenga tena kabla halijaanguka, wakati aliyelijenga mara ya mwisho angali na nguvu za kumwelekeza mwenziwe. Hekima hiyo ndiyo hasa inayohitajiwa na diski na kaseti hizi. Zinakiliwe sasa, katika mashine mpya, wakati za zamani zingali zasomeka na wenye kuzijua wangali hai. Serikali ya Japani ina fedha, makampuni yana programu, na wapenzi wana ujuzi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kama kila mmoja atakaa na chake akimngoja mwenziwe, ukungu hautamngoja yeyote.